Mita Mia Nane na Sabini

Ofisini wanamwita Wino, na wengi wanaomwita hivyo hawajui jina lilikotoka. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kalamu tatu zinazokaa mfukoni mwa shati lake. Ukweli ni kwamba jina hilo lilianza kama adhabu, na yeye mwenyewe alikubali kulibeba.

Miaka ishirini na minne iliyopita, akiwa mgeni katika idara ya elimu, alipewa ramani ya karatasi akaambiwa atenganishe maeneo ya shule mbili. Alichukua kalamu nene ya rangi akachora. Kwenye ramani ile, milimita moja ya karatasi ilikuwa mita kumi za ardhi, na mstari wake ulikuwa na upana wa milimita mbili. Chini ya wino kulikuwa na safu ya nyumba kumi na moja. Mwalimu mkuu wa shule ya kwanza aliitazama ramani akasema nyumba zile hazimhusu. Wa shule ya pili naye akasema hazimhusu. Watoto tisa walikaa nyumbani muhula mzima, hadi mama mmoja alipoingia ofisini amemshika binti yake mkono.

"Nimeambiwa mwanangu yuko chini ya wino," alisema. "Nani hapa mwenye huo wino, aniondolee?"

Tangu siku hiyo Wino hajachora mpaka wowote bila kuutembea kwa miguu. Ana gurudumu la kupimia, la chuma, lenye mpini mrefu, ambalo hulia tak kila linapomaliza mita moja. Hutoka nalo saa moja asubuhi, saa ambayo watoto hutoka, na mgongoni hubeba mkoba wenye madaftari sita na chupa ya maji. Hoja yake ni kwamba mita elfu moja za mtu mzima mwenye mikono mitupu si mita elfu moja za mtoto wa miaka sita. Kanuni ya idara inasema mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu asitembee zaidi ya mita elfu moja na mia tano. Kwenye kompyuta mita hizo ni sentimita chache. Wino huzihesabu moja moja.

Alikuwa na kazi nyingine iliyompa maadui zaidi. Wazazi wanaotaka shule nzuri huandikisha watoto kwa anwani ya shangazi, ya rafiki, hata ya fundi cherehani. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuhakiki. Hubisha hodi Jumamosi asubuhi, hukaribishwa, hukataa chai, kisha huomba jambo moja tu: aoneshwe mswaki wa mtoto. Sare huazimwa, godoro huazimwa, hata mtoto mwenyewe huweza kuazimwa kwa asubuhi moja. Mswaki haukumbukwi. Na wachache walioukumbuka, wakanunua mpya usiku wa kuamkia ukaguzi, aliwakamata kwa kupitisha kidole gumba juu ya nywele za mswaki. Mkavu. Hakuna anayelala hapa.

Mwanzoni mwa habari hii alikuwa na miaka hamsini na tisa, amebakiza miezi mitano astaafu. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, mkabala na shule ambayo wakazi huiita Shule ya Juu kwa kuwa iko kwenye mwinuko. Kengele ya shule humfikia jikoni. Saa saba mchana watoto wa madarasa ya chini wanapofunguliwa, kelele yao hupita dirishani mwake kama maji yaliyofunguliwa bomba, kisha hukatika.

Ana mtoto mmoja, binti, mtaalamu wa maabara katika hospitali ya mji ulio mwendo wa saa nane kwa basi. Mume wa binti ni fundi wa mitambo. Kazi yake ni ya safari, na nyumbani huonekana mara moja kwa miezi mitatu. Wana msichana mmoja, aliyekuwa akikaribia kuanza darasa la kwanza. Binti anapokuwa zamu, mtoto hubaki na bibi yake mzaa baba, ambaye Wino humwita "mwenzangu" kwa heshima na humwonea wivu kimyakimya.

Mwaka jana nafasi ikapatikana. Hospitali ya mji wa Wino ilikuwa ikifungua maabara mpya, na binti alipewa barua ya uhamisho. Alitakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ng'ambo ya korongo, nyuma ya Shule ya Juu, nyumba mpya mia sita na arobaini zilikuwa zikimaliziwa, mitaa sita iliyopangwa kama mistari ya daftari, na binti alikuwa amepata nyumba namba 398, mtaa wa nne.

"Nyumba ya nini, mama?" Wino alimuuliza kwenye simu. "Chumba cha mama yako kiko wazi. Njooni hapa hapa."

"Baba, nakupenda. Lakini mimi na wewe jiko moja? Utapima chumvi kwa rula."

"Rula haipimi chumvi."

"Unaona? Tayari tumeanza."

Walicheka. Kisha sauti ya binti ikatulia, akasema jambo lenyewe. "Shule ndiyo inanipa shida. Nikiwa zamu, mtoto akitoka saa saba nani atampokea? Huku yuko bibi yake. Akisoma Shule ya Juu anavuka kibarabara tu, yuko kwako, nikitoka kazini nampitia. Akipangiwa Shule ya Chini, siji, Baba. Nakwambia mapema nisije nikakudanganya."

Alikuwa na sababu. Shule ya Chini, iliyo bondeni, ilikuwa imejaa, na darasa lake la kwanza lilisoma zamu ya mchana, kutoka saa sita na nusu hadi saa kumi na moja na nusu. Tena kutoka lango lake hadi kwa Wino ni zaidi ya kilomita tatu.

"Mpaka haujachorwa," Wino alisema.

"Na anayeuchora si namjua?"

"Anauchora bosi wangu. Mimi natembea tu."

Jioni hiyo alipita dukani akanunua mswaki mdogo wa njano, akauweka kwenye glasi kando ya wake. Hakumwambia mtu.

Ramani ikatoka wiki iliyofuata. Bosi wake ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwenye shahada, ambaye ofisi nzima humwita Bi Mipango. Anamheshimu Wino, na anamchokoza pia, kwa kuwa ndiye pekee asiyekasirika. Alikuwa amechukua mchoro wa mkandarasi, akauingiza kwenye kompyuta, akapiga hesabu ya idara: nyumba kumi huleta watoto sita wa shule ya msingi. Mitaa sita, watoto karibu mia nne. Shule ya Juu ilikuwa na nafasi mia mbili na sitini, sawasawa na mitaa minne. Mstari mwekundu ukapita kati ya mtaa wa nne na wa tano. Kutoka mtaa wa nne hadi lango la Shule ya Juu, kompyuta ilisema, ni mita mia nane na sabini, kwa kupitia kivuko cha miguu juu ya korongo.

"Bado sahihi yako tu, mzee wangu," alisema, akamsogezea karatasi. Chini kulikuwa na nafasi yenye maneno *Imehakikiwa uwandani*. "Ijumaa inapanda juu."

"Nitapita kwanza nikaone."

"Hii ni mistari ya kompyuta. Haina unene. Hakuna mtu chini yake."

Wino aliitazama karatasi. Kidole chake kilitafuta namba 398, kikaipata, ndani ya mstari, nyumba thelathini kutoka ukingoni. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni, nyuma ya zile kalamu tatu.

Jumatatu ilinyesha, hakwenda. Jumanne alisema ekseli ya gurudumu inataka mafuta, akaipaka mafuta asubuhi nzima. Jumatano alikaa mezani akipanga majalada yaliyokwisha kupangwa. Karani wa masjala, aliyefanya naye kazi miaka kumi na minane, alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Wino, gurudumu limepata pancha?"

"Lile halina hewa."

"Basi mwenye pancha ni wewe."

Katika miaka ishirini na mitatu alikuwa amesaini karatasi ya aina hiyo mara arobaini na tatu, na kila mara alikuwa ametembea kwanza. Hakuna aliyemchunga. Angeweza kusaini hapo hapo mezani alipokaa, na hakuna ambaye angeshangaa, kwa sababu kila mtu angejua kwamba Wino ametembea. Hilo ndilo lililomkalisha siku tatu.

Alhamisi saa moja asubuhi aliliweka gurudumu mbele ya mlango wa nyumba namba 398.

Nyumba ilikuwa na vibandiko vya kiwandani kwenye vioo, na mfuko wa saruji ulioganda kando ya ngazi. Kulikuwa na dirisha moja dogo la jikoni lililotazama barabarani. Alisimama hapo kwa muda ambao kazi haikuuhitaji, akarudisha namba kwenye sifuri, akaanza. Tak, tak, tak. Mita ya mia nne na kumi, zege la njia likaisha. Mbele yake kulikuwa na korongo, kina cha ghorofa mbili, na nguzo mbili za zege, moja ukingo huu, moja ukingo wa pili. Juu yake nondo zilikuwa zimesimama zikiota kutu. Katikati hapakuwa na kitu. Mtu alikuwa ameanika mashati kwenye nondo za upande huu.

"Mashati ni yangu," alisema mlinzi, akitoka kwenye kibanda cha mabati. "Unataka kupita?"

"Kivuko kiko wapi?"

"Kivuko ni awamu ya pili. Ya kwanza imekwisha, ya pili haijaanza, ya tatu tumeshaitangaza redioni."

"Kwenye ramani kipo."

"Basi pitia kwenye ramani, mzee. Utafika mapema."

Ng'ambo ya korongo Wino aliliona paa la nyumba yake. Aliiona kamba ya nguo aliyoifunga mkewe. Kengele ya Shule ya Juu ililia, na watoto wakasikika wakikimbilia mstarini, karibu kiasi kwamba angeita kwa sauti, mtu wa upande ule angeitika.

Akageuza gurudumu, akarudi mlangoni, akaanza tena kwenye sifuri. Mtaa wa kwanza na wa pili hutokea barabara kuu, kwenye njia ya miguu na daraja la magari. Watoto wa mitaa hiyo wangefika Shule ya Juu kwa mita elfu moja mia tatu na tisini. Mitaa mingine yote hutokea nyuma: kushoto kuna njia ya miguu ya kwenda Shule ya Chini, na kulia, kuelekea Shule ya Juu, barabara ya malori ya kokoto. Huko alitembea nusu kilomita akiwa amebana ukuta, mkoba ukikwaruza matofali kila lori lilipopita. Alipofika lango la Shule ya Juu, namba ilisema 2,410. Alirudi namba 398 akapima tena. Mara ya pili ilitoka 2,414.

Bi Mipango alizisoma namba hizo akiwa amesimama.

"Kivuko kitajengwa," alisema.

"Lini?"

"Mchoro unasema awamu ya kwanza."

"Awamu ya kwanza imekwisha. Kuna mashati juu yake."

Alikaa, akavuta kompyuta karibu, akafuta kivuko. Mstari mwekundu ulijisogeza wenyewe, ukaruka mtaa wa nne, ukaruka wa tatu, ukatulia kando ya mtaa wa pili. Ndipo alipokumbuka. Wino alikuwa amewahi kumtajia binti yake, mara moja tu, wakinywa chai.

"Mzee wangu. Binti yako si amepata mtaa wa nne?"

"Ndiyo maana nimepima mara mbili."

Bi Mipango, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, alimvutia mtu mwingine kiti. Wino alisaini akiwa amekaa.

Mwalimu mkuu wa Shule ya Juu alipata habari kabla ya wino kukauka, kwa sababu sasa alikuwa na madawati ya watoto mia moja na thelathini wasiokuja. Alimfuata Wino nyumbani, akaketi, akakubali chai.

"Nafasi ninayo, ndugu yangu. Mjukuu wako nitamwandika kwa anwani ya hapa. Hapa si kwa babu yake? Nani atauliza?"

"Mimi ndiye huwa nauliza."

"Basi mwaka huu usijiulize."

Wino alicheka, na mwalimu mkuu akadhani wameelewana. Lakini Wino alinyanyuka, akaenda bafuni, akarudi na mswaki mdogo wa njano, akamwekea mkononi.

"Pitisha kidole," alisema.

Mwalimu mkuu alipitisha. Alijua maana yake. Walikuwa wamefanya kazi hiyo pamoja milango mingi. Aliurudisha mezani taratibu, akamalizia chai yake, wakazungumza habari za mvua.

Mkutano wa wakazi wapya ulifanyika Jumamosi ndani ya nyumba ya mfano, watu wamesimama hadi jikoni. Ramani ilibandikwa kwenye kabati la vyombo. Mwanamume mmoja wa mtaa wa tatu, aliyekuwa ameiona rasimu ya kwanza, alitaka kujua kwa nini kompyuta ya wiki iliyopita ilikuwa na akili kuliko ya wiki hii. Kisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasogea mbele, akamnyooshea Wino kidole.

"Wewe mzee, ndiye uliyepita na kigurudumu chako. Mtaa wetu ulikuwa ndani, umetutoa. Mkuki kwa nguruwe, eh? Wa kwako wangekuwa mtaa wa nne ungepima hivyo?"

Watu wakapiga makofi. Bi Mipango alifungua mdomo ajibu, na Wino akamgusa kiwiko.

"Barabara ya malori haina pa kuweka mguu, mama," alisema. "Nimepita na mkoba. Peleka mtoto wako mara moja kwa miguu, saa moja asubuhi, halafu uje unitukane. Nitakuwa ofisini."

"Nitakuja kweli!"

"Karibu."

Mwanamke yule hakuonekana ofisini. Wino hajui kama alitembea au alichoka tu.

Simu kwa binti aliipiga siku hiyo hiyo ya mkutano, mchana, kabla moyo haujapata visingizio.

"Mtaa wa nne umeangukia Shule ya Chini," alisema.

Upande wa pili alisikia mashine za maabara zikivuma.

"Nani kapima?"

"Mimi."

"Baba." Alivuta pumzi. "Umenikata kwa mkono wako mwenyewe."

"Kivuko hakipo, mama. Kipo kwenye karatasi tu. Watoto wangepita na malori."

"Ningempeleka kwa gari la mtu. Ningetafuta njia."

"Wewe ungetafuta. Mtaa una nyumba mia na saba."

Binti akacheka kidogo, kicheko cha pua, kile kile cha mama yake. "Mama alisema siku ya harusi ulipima ukumbi."

"Viti vilikuwa vingi kuliko nafasi."

"Najua. Alinisimulia mara mia." Sauti yake ikapungua. "Nitawajibu hapana, Baba. Si kwa hasira. Huku yuko bibi yake, na mimi siwezi kumwacha mtoto wa miaka sita na ufunguo shingoni."

"Najua."

"Usinijibu 'najua.' Nikasirikie."

"Siwezi," alisema Wino. "Umehesabu sawa."

Alistaafu baada ya ile miezi mitano. Walimpa saa ya ukutani, na Bi Mipango akampa gurudumu lile la chuma, baada ya kuandika barua tatu ili lifutwe kwenye orodha ya mali za idara. Kila Ijumaa anapita nalo hadi ukingo wa korongo, upande wake, kutazama ile nguzo. Amemwandikia mkandarasi barua saba kuhusu kivuko, kila moja na kipimo: mita mia nane na sabini kikijengwa, elfu mbili mia nne na kumi kisipojengwa. Moja imejibiwa. Wanashukuru kwa maoni yake.

Likizo iliyopita binti alikuja na mtoto kwa siku tisa. Siku ya pili babu na mjukuu walikwenda korongoni. Msichana aliusukuma mpini ulio mrefu kuliko yeye, akihesabu tak kwa sauti, akipotea kila alipofika thelathini na kuanza upya. Ukingoni alitazama nyumba za ng'ambo, ambazo sasa zilikuwa na mapazia.

"Babu, yetu ilikuwa ipi?"

"Safu ya nne. Ile yenye tangi la buluu."

"Ni karibu!"

"Ni karibu sana."

"Sasa kwa nini tunakaa mbali?"

Wino alimwonesha nguzo, na nafasi iliyo katikati. Mtoto alizitazama kwa umakini wa mtu anayekagua.

"Wameanza pande zote mbili," alisema. "Wamesahau kukutana."

Kila asubuhi kwa siku tisa alipiga mswaki amesimama juu ya kigoda, akitema pembeni ya sinki, na babu yake akifuta. Basi liliondoka Jumapili saa mbili. Kwenye glasi mswaki wa njano ulibaki, kwa sababu mtoto alisema uwe wa hapa.

Jumatatu asubuhi Wino alipitisha kidole gumba juu yake. Ulikuwa bado una unyevu kidogo, chini kabisa kwenye mashina ya nywele. Jumanne pia, au alidhani hivyo. Jumatano kengele ya Shule ya Juu ilipolia alikuwa bafuni, na mswaki ulikuwa mkavu. Aliurudisha kwenye glasi, akavaa viatu, akachukua karatasi kuandika barua ya nane.